Kabla hujampa mtoto jina la peke yake, soma hii kwanza

Jina langu siliandiki hapa, na sababu ndo hiyo hiyo iliyonifanya nikae niandike: liko moja. Ukilitafuta kwenye intaneti pamoja na la ukoo unakutana na mimi moja kwa moja, picha ya mahafali, matokeo ya mbio niliyokimbia nikawa wa pili kutoka mwisho, na swali nililowahi kuuliza mahali kuhusu kunguni miaka kumi na kitu iliyopita. Akina Fatuma na akina Joseph wanajificha kwenye umati, mi sina umati.

Shuleni nilikuwa najua jina langu limefikiwa kabla halijaitwa. Mwalimu anaita Hadija, anaita Halima, anaita Hamisi, alafu kimya. Anasogeza daftari karibu na macho, midomo inajaribu kwanza bila sauti, na darasa zima limeshageuka kuniangalia maana wote wanajua kimya kile ni cha nani. Nilivofika darasa la nne nikawa nasema tu "nipo mwalimu" kwenye kimya chenyewe, tusichoshane.

Sasa usidhani nakukataza. Jina langu nalipenda, na binti yangu nae nimempa la kwake ambalo sijawahi kulikuta kwa mtu mwingine. Ila nilimchagulia nikiwa najua kinachomsubiri, na nilichogundua ni kwamba ugeni wa jina uko wa aina mbili na wazazi wengi wanauchanganya. Kuna jina ambalo ni geni kwa sababu tu hakuna aliyewahi kulitumia, na kuna jina ambalo ni geni kwa sababu haliandikiki na halitamkiki. La kwanza watu watalizoea ndani ya wiki. La pili ndo linamfanya mtoto aanze kila mazungumzo ya maisha yake kwa kutoa maelezo.

Kwaiyo kipimo changu kikubwa kuliko vyote ni hiki: mtu akimuuliza mtoto wako "unaitwa nani", akishajibu, zinafuata sentensi ngapi? Mimi zinafuata tatu. "Hapana, inaanza na M. Hapana, sio kifupi cha kitu kingine. Ndio, ni jina langu la kweli." Nimezisema benki, nimezisema hospitali, nimezisema siku ya usaili wa kazi ambapo nilikuwa na mambo mengine ya kusema. Sentensi moja ni sawa kabisa, tena inaleta maongezi, "ni jina la nyota", basi, mtu anatabasamu mnaendelea. Zikifika mbili jiulize vizuri. Tatu, achana nalo, tafuta lingine.

Unalitoa wapi

Watu wakitaka jina la kipekee wanakimbilia mbali, wanasoma listi za majina ya Wagiriki wa kale, wakati kamusi ya Kiswahili iko kabatini ina vumbi. Furaha, Amani, Neema, Baraka, Zawadi na Tumaini yameshajaa, hayo tuyaache. Ila hebu angalia vito: Zumaridi, Feruzi, Yakuti, Marijani. Angalia rangi: Urujuani, Samawati. Angalia anga: Utaridi, Mirihi, Zohali, na Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana ambalo wakulima walilitazama kujua majira, ndo maana ndani yake kuna kulima. Waarabu wanaliita Thuraya. Yaani Thuraya na Kilimia ni jina moja limevaa nguo mbili, la kwanza utalikuta kwa wasichana wengi tu, la pili mi sijakutana nalo kwa mtu hata mmoja. Alafu kuna Umande, Machweo, Matlai, Liwazo, Tulizo. Hayo yote yanasomeka kama yanavyoandikwa, na hiyo ni bahati ya lugha yetu ambayo hatuithamini, irabu tano na kila moja ina sauti yake moja, mtu akiona Umande hawezi kukosea akasoma kitu kingine.

Sehemu ya pili ni wafu wenu. Kaa na mzee wa ukoo, pande zote mbili, muulize majina ya mama wa bibi na bibi wa bibi, andika. Utapata majina ambayo yametoweka kabisa na hayana mtu anayeyatumia leo, alafu ukiulizwa umelitoa wapi una jibu ambalo hata mama mkwe hawezi kulipinga. Mengine utakuta ni ya Shida na Tabu na Majuto, yale ya kumtaja mtoto kwa hali ya nyumba siku aliyozaliwa, hayo yasome kwa heshima uyaache yapumzike.

Vitabu vya dini navyo, ila shuka chini kwa wahusika wadogo ambao wametajwa mara moja wakapita. Oprah Winfrey, yule mtangazaji wa televisheni wa Marekani, alipewa jina la Orpa, yule mkwe mwingine wa Naomi kwenye kitabu cha Ruthu ambaye aligeuka akarudi kwao. Orpah likawashinda watu mdomoni, herufi mbili zikapishana, wakawa wanaita Oprah mpaka likabaki hivohivo. Kwake iliisha vizuri lakini weka akilini kwamba watu ndo waliamua, sio mama yake. Jina likiwa gumu mtaa unalirekebisha wenyewe bila kukuuliza.

Na muziki, mapishi, baharini, popote penye istilahi zake. Condoleezza Rice, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, jina lake limetoka kwenye maneno ya Kiitaliano ya wanamuziki, con dolcezza, maana yake piga kwa utamu. Mama yake alikuwa mpiga kinanda. Ona jina linavyokuwa na mizizi hata kama herufi zake zimevunjwavunjwa kidogo.

Lugha za watu

Hapa ndo penye ajali nyingi. Ukichukua neno kwenye lugha usiyoijua, muulize mtu anayeiongea, tena mtu mzima anayejua matusi yake, usiridhike na listi ya mtandaoni inayosema "maana yake mrembo". Sisi wenyewe ni mashahidi. Wamarekani wanawaita mabinti zao Zuri, wameambiwa kwa Kiswahili ni mrembo, na kweli mzizi ni huo, ila sisi tukilisikia tunabaki tunasubiri ngeli. Zuri lipi? Jambo? Gari?

Hilo bado ni dogo. Malaya kwa Kifilipino maana yake huru, ni neno la heshima na kuna wasichana wanaitwa hivo. Mavi kwa Kituruki ni rangi ya bluu. Na kuna neno la Kijapani la dubu, herufi nne tu, ambalo siwezi kuliandika hapa kwa sababu shangazi zangu wanasoma. Kobe Bryant, yule mcheza kikapu wa Marekani, wazazi wake walimwita kwa nyama ya Kobe ya Japani waliyoiona kwenye menyu, jina likawa kubwa dunia nzima na watoto wengi wakapewa, na mtu mwepesi namna ile uwanjani kwetu sisi anaitwa kobe, mwenye gamba lake.

Sasa geuza. Kama sisi tunacheka ya wenzetu, lako litachekwa wapi? Huwezi kupima lugha zote za dunia na hauna haja, pima zile ambazo mtoto wako ana uwezekano wa kuishi nazo: za ukoo, za majirani, za nchi ambazo ndugu wameshaenda, na Kiingereza, maana fomu nyingi atakazojaza zitakuwa nacho. Dakika kumi za kuulizaulizia.

Geni la leo, la kila mtu kesho

Kuna mtego mwingine ambao watu hawauoni. Wazazi wote wanaotafuta jina la peke yake wanatafuta siku zilezile, wanaangalia tamthilia zilezile, wanasikia muziki uleule. Matokeo wanakutana. Nevaeh ni heaven, yaani mbinguni, imesomwa kinyumenyume. Mwanamuziki mmoja Marekani akamtambulisha binti yake kwenye televisheni mwaka 2000 na mwaka 2001 tu jina likawa limeshaingia kwenye yale 1,000 yanayoongoza nchi nzima. Kila mama kati ya wale alijiona amegundua kitu. Alafu kuna wale wa Aiden, Jayden, Kayden, Brayden, mmoja mmoja ni mazuri lakini mwalimu akiita mmoja wanageuka wanne.

La tamthilia ndo baya zaidi kwa sababu hadithi haijaisha wakati wewe unajaza fomu. Khaleesi hata sio jina, ni cheo cha malkia kwenye ile tamthilia ya majoka, Game of Thrones, watoto wakapewa kwa wingi Marekani na Uingereza, alafu msimu wa mwisho mwaka 2019 malkia mwenyewe akapanda joka akachoma mji mzima na watu wake. Subiri hadithi iishe kwanza, jamani.

Kuna ajali ambazo huwezi kuzizuia. Siri lilikuwa jina la kawaida la wanawake Norway na Sweden, mwaka 2011 likapewa ile sauti inayojibu watu kwenye simu za iPhone. Alexa likapata mashine yake ya kuongea nayo nyumbani mwaka 2014, na tangu hapo wazazi Marekani wamelikimbia sana. Isis alikuwa mungu wa kike wa Wamisri wa kale, mabinti waliitwa hivo vizuri tu mpaka kikatokea kikundi cha silaha chenye herufi hizohizo. Hakuna aliyekosea hapo, usijipe stresi ya kutabiri.

Ila cha kupima kinapimika. Mamlaka ya hifadhi ya jamii ya Marekani ina orodha ya majina ya watoto kuanzia mwaka 1880, iko wazi kwa yeyote, na jina linaloonekana kwa watoto chini ya watano kwa mwaka halionyeshwi kabisa. Uingereza na Wales takwimu zao zinaanzia watoto watatu. Kama unalotaka linatoka kwenye lugha za huko, angalia miaka mitano ya mwisho. Likiwa linapanda kwa kasi, ujue mtoto atakaa darasani na wenzake wa jina. Kama ni la Kiswahili, uliza tu watu, walimu hasa. Mwalimu wa chekechea anajua majina yote yanayokuja kabla takwimu hazijajua.

Herufi

Hapa nitakuwa mkali kidogo mnisamehe. Kuchukua jina la kawaida ukaliharibu tahajia sio kupata jina jipya. Neema akiandikwa Nehmmah bado anaitwa Neema, ila sasa kila cheti chake kitakosewa. Umempa mtoto jina la watu wote na shida ya mtu mmoja. Ukitaka geni, tafuta neno geni uliandike kawaida.

Na kompyuta hazina huruma. Fungua pasipoti yoyote uangalie zile mistari miwili ya chini zenye alama nyinginyingi za <<<. Kila mstari una nafasi 44, hazizidi, na kwenye ule wa kwanza tano zimeshaliwa na aina ya hati na herufi tatu za nchi, zinabaki 39 za jina la ukoo na majina mengine yote kwa pamoja. Ikizidi inakatwa. Zinazokubaliwa pale ni A mpaka Z basi. Koma ya juu inafutwa, D'Amani anakuwa DAMANI, kistari kinageuka kuwa <, na herufi zenye alama kichwani zinabadilishwa. Kwaiyo kama uzuri wote wa jina ulikuwa kwenye kale kakoma, fahamu kwamba uwanja wa ndege kakoma hakapo, alafu tiketi ina kakoma, na mtoto wako amesimama kaunta anaeleza. Sentensi ya nne hiyo.

Elon Musk mwenyewe, na pesa zote zile, mwaka 2020 alimtangaza mtoto wa X Æ A-12, na California sheria yao inataka herufi 26 za Kiingereza, namba haziruhusiwi. Ile 12 ikabadilishwa kuwa Xii.

Kwetu tunaoongea Kiswahili ongeza moja: sauti ambazo midomo ya watu inazigeuza. L na R kwa wengi zinapishana, TH inakuwa S, DH inakuwa Z, GH inakuwa G. Thuraya atakuwa Suraya kwa nusu ya watu anaokutana nao. Sio sababu ya kuliacha, ila kama neno lina L na R zote mbili alafu na TH juu yake, umemtega mtoto na babu yake pia.

Na andika herufi za mwanzo za majina yote kwa mpangilio wa cheti. Johari Imara, baba Nasoro, babu Issa. Safi kabisa, mpaka siku mtu wa ofisi aandike kwa kifupi, JINI.

Sheria

Kabla hujaliganda moyoni, uliza msajili wa vizazi wa nchi utakayoandikisha. Kila nchi ina yake. Denmark ina orodha ya majina yaliyokubaliwa na ukitaka la nje yake unaomba. New Zealand hawapokei jina lenye herufi zaidi ya 70, wala linalofanana na cheo kama King au Justice. Ufaransa tangu 1993 mzazi yuko huru kuchagua ila msajili akiona jina litamuumiza mtoto anapeleka kwa mwendesha mashtaka, na ndivyo mahakama ilivyomkatalia mtoto kuitwa Nutella akabaki na Ella. Jimbo la Sonora huko Mexico mwaka 2014 walitoa orodha ya majina 61 yaliyopigwa marufuku, ndani yake kuna Facebook, Rambo na Robocop, na orodha ile ilitokana na majina waliyoyakuta kwenye madaftari yao wenyewe.

Mbili zimenikaa kichwani. New Zealand mwaka 2008 binti wa miaka tisa alikuwa anaitwa Talula Does The Hula From Hawaii, yaani Talula Anacheza Hula Kutoka Hawaii, lote hilo jina. Marafiki zake alikuwa hawaambii, aliwaambia wamwite K. Herufi moja. Jaji akamweka chini ya uangalizi wa mahakama ili jina libadilishwe. Nikisoma ile K naelewa kabisa.

Ya pili ni Iceland, ambako kuna kamati ya majina tangu 1991 na jina lazima likubali viambishi vya sarufi yao. Msichana aliitwa Blær, upepo mwanana, wakasema neno lile kisarufi ni la kiume. Basi karatasi zake zote za serikali zikamwandika Msichana, miaka 15 hivohivo, mpaka mahakama ikampa haki mwaka 2013. Hilo lilikuwa jina zuri, fupi, linaandikika, na mama yake aliling'ang'ania. Kwaiyo mnaweza kuwa na jina sahihi na bado mkabishiwa, jueni mapema mnabishana na nani.

Lipigie simu

Sasa hili jaribio usiliruke. Chukua majina matatu yaliyobaki. Mpigie mtu simu, sio rafiki yako mnayefikiri sawa, mtu wa mbali kidogo, ikiwezekana mtu mzima ambaye anasikia nusu. Mwambie "andika jina hili", litamke mara moja tu kwa kasi ya kawaida, alafu akusomee alichoandika.

Tulifanya hivo nikiwa na mimba ya miezi saba. Jina nililokuwa nalipenda kuliko yote lilikuwa Kaharabu, lile jiwe la rangi ya asali linalotokana na utomvu wa miti ya kale. Nililipenda mpaka nilikuwa naliandika pembeni ya daftari kama mwanafunzi. Nikampigia shangazi wa mume wangu.

"Shangazi shikamoo, andika jina hili, Kaharabu."

"Nani kaharibu?"

"Sio kaharibu shangazi. Kaharabu."

"Ndio nakusikia, kaharibu nini?"

Mume wangu pale pembeni ameshakaa chini anacheka mpaka anakohoa. Nikamwelezea shangazi ni jiwe, akasema ahaa, akakaa kimya, alafu akauliza kwa sauti ya chini kama jiwe hilo limeharibu kitu chochote. Nilikata simu nikalia, mimba nayo inachangia, lakini nikaona picha nzima: mtoto wa kwanza kuvunja kikombe nyumbani, Kaharabu kaharibu. Darasani, Kaharabu kaharibu. Kazini, faili limepotea. Lilitoka kwenye listi usiku uleule.

Kama limepita simu, libebe kwa wiki mbili. Mtu akiliita mlangoni kwa sauti ya kupaza, linabeba au linakwama kooni? Jina refu lenye konsonanti zimebanana halipigiwi kelele vizuri, na mtoto ataitwa kwa kelele kuliko kwa upole, tusidanganyane. Liweke mbele ya Jaji, mbele ya Nahodha, mbele ya Daktari, alafu mbele ya Bibi, maana huyo katoto atazeeka. Likae kwenye tangazo la harusi na likae kwenye sivii. Alafu, hii ni yangu mwenyewe, ukiwa mahali ambapo hawakujui na ukaulizwa jina, taja lile. Useme wewe kwa mdomo wako kwamba unaitwa Urujuani, usikie uso wako unavyopata joto au usipate. Utajifunza zaidi ya kusoma listi 100.

Mwenzio na ndugu

Baina yenu wawili kila mmoja awe na haki ya kukataa jina bila kutoa sababu. Bila sababu, kweli. Mume wangu alikataa moja ambalo nililipigania wiki nzima, kumbe ni la mtu aliyempiga shule ya msingi na hakutaka kulisema. Ukilazimisha sababu unapata ugomvi, ukiheshimu hapana unapata jina lingine, majina hayaishi.

Ndugu usiwaulize kabla, watangazie baada. Jina la mtoto ambaye hajazaliwa kila mtu ana maoni nalo, na jina la mtoto ambaye amelala mikononi mwa bibi yake ni jina la mjukuu wake, limekwisha. Isipokuwa kama kwenu au dini yenu kuna mtu ambaye lazima ahusishwe, huyo mwendee mapema na majina mawili ambayo wewe yote unayataka, achague.

Mpe na mlango wa kutokea

Kama unalotaka ni la ajabu kweli na moyo hautulii bila hilo, basi mwekee na la kawaida pembeni kwenye cheti. Mtoto wa David Bowie, mwanamuziki wa Uingereza, alikua akiitwa Zowie, lakini cheti kilikuwa na Duncan pia, na leo muongozaji wa filamu anaitwa Duncan Jones. Wazazi walimwachia njia akaitumia. Na wengine wanaenda kinyume, Obama ujanani alikuwa Barry, chuoni akarudi kwenye Barack lake, ambalo ukilisikiliza vizuri ni baraka yetu ileile. Huwezi kujua wa kwako ataelekea wapi, ndo maana majina mawili.

Na kama umeshaandikisha na roho inakusuta, wahi. Sehemu nyingi kuna utaratibu wa kubadili, na mtoto akiwa mchanga ndo rahisi zaidi, Uingereza na Wales kwa mfano jina la kwanza linarekebishwa ndani ya miezi 12 toka kuandikishwa. Mtoto wa miezi mitatu hajali. Wa miaka sita anajali sana, huyo muulize mwenyewe.

Binti yangu sasa ana huo umri. La kwake linafuatiwa na sentensi moja, ameshaijua, anaisema vizuri mikono ikiwa mgongoni kama anasoma shairi. Mwezi uliopita alipewa mdoli, akakaa nae siku nzima, jioni akaja kuniambia anaitwa Maria. Nikamwambia majina yote haya tuliyonayo humu ndani, nyota na vito na upepo, wewe umeona Maria tu?

"Bado mdogo mama," akasema. "Hajui kuwaelezea watu."